Rafu ya Mama Chepkirui

Nasike alikuwa na viti vinne nyumbani kwake. Alikalia kimoja tu.

Viti hivyo vilitengenezwa na mume wake, Khisa. Khisa alikuwa fundi wa mbao hapo Huruma, mjini Eldoret. Alifanya kazi chini ya mabati, kando ya barabara, na hakuwa na mchezo na kazi yake. Ukikalia kiti cha Khisa, hakilii wala hakiyumbi. Kisha Khisa akaugua, akafa. Sasa miaka minne imepita, na viti vingali vizima. Vitatu vilikaa tu hapo mezani, bila mtu.

Mtoto wao ni Cynthia. Alikuwa kidato cha tatu, katika shule ya bweni upande wa Burnt Forest. Cynthia akirudi likizo, nyumba hujaa kelele. Likizo ikiisha, nyumba hunyamaza tena.

Kila asubuhi Nasike alipika chai, akanywa, akaosha kikombe kimoja. Kisha akaenda kazini. Alikuwa karani wa rekodi katika hospitali moja ya binafsi mjini. Mgonjwa akija, Nasike anatafuta faili yake. Mgonjwa akienda, Nasike anairudisha. Alikuwa amefanya kazi hiyo miaka kumi na moja. Alikuwa na digrii, na hakuna faili iliyowahi kupotea mikononi mwake.

Saa ya chakula, wenzake walienda kantini. Nasike hakwenda. Khisa alipofariki, wengine walimwambia pole kila siku mpaka akachoka na pole. Wengine waliogopa kumwambia chochote. Basi akawa anakula githeri yake ya mahindi na maharagwe ndani ya stoo ya faili, mlango umefungwa nusu. Mwanzoni wenzake walikuwa wakimwita. Baadaye wakaacha. Hawakuwa watu wabaya, walizoea tu.

Lakini siku ngumu zaidi ilikuwa Jumamosi. Jumapili kuna kanisa, angalau mtu anaimba na wengine. Jumamosi hakuna kitu. Nasike anafua, anaanika, anapiga deki. Akiangalia simu, ni saa nne. Woi! Saa nne asubuhi, na kazi zote zimeisha. Sasa afanye nini mpaka jioni?

Mwezi wa pili mwaka huo, mkuu wa rekodi alistaafu. Nasike aliandika barua ya kuomba nafasi hiyo. Hakuwa na wasiwasi. Nani mwingine alizijua faili zile kama yeye? Lakini nafasi ilipewa Murunga, mwanamume wa miaka thelathini na miwili, aliyefika hospitalini juzi juzi tu. Nasike aliambiwa habari hiyo na mama mmoja wa usafi, wakiwa mlangoni.

"Wanasema Murunga ako na masters," yule mama alisema. "Siku hizi bila masters huendi mahali, dada yangu."

Masters ni shahada ya uzamili. Ni masomo ya chuo kikuu ambayo mtu husoma baada ya digrii ya kwanza. Nasike alirudi stoo, akafunga mlango wote. Alilia akiwa amesimama, kwa sababu stoo haikuwa na kiti.

Tangu siku hiyo hakumsalimia Murunga. Akimpelekea faili, anaiweka mezani, anaondoka. Alifanya hivyo miezi mitano! Wewe msomaji unaweza kusema hizo ni tabia za kitoto. Mimi nasema usimcheke. Uchungu ukikosa mtu wa kuambiwa, hutafuta mahali pa kutokea.

Moyoni Nasike alishaamua. Atasoma masters. Hakumwuliza mtu. Angemwuliza nani? Alipata karatasi ya matangazo ya chuo fulani. Ilisema hivi: masters ya usimamizi wa biashara, miaka miwili, masomo kila Jumamosi, ada laki tatu na nusu. Nasike alichukua kalamu, akapiga mstari chini ya neno moja.

Laki tatu na nusu hakuwa nazo. Alikuwa na kitu kimoja tu cha kuuza, nacho kilikuwa ploti yake, kiwanja cha Yamumbi, pembeni mwa Eldoret.

Yeye na Khisa waliinunua Cynthia akiwa mdogo. Watu wa kawaida huko Yamumbi hawajengi nyumba kwa siku moja. Wakipata pesa kidogo, wananunua lori moja la mawe, wanamwaga kwenye ploti. Mwaka mwingine, lori lingine. Khisa alileta malori matatu. Aliyapanga mawe mwenyewe kwa mikono yake. Halafu alisimama katikati ya nyasi na kusema, "Hapa ni jikoni. Hapa utakuwa unanipikia." Nasike alimjibu, "Utajipikia!" Wakacheka mpaka jirani akachungulia.

Sasa mawe yale yalikuwa yameota nyasi, na mnunuzi alikuwa amepatikana. Jina lake lilikuwa Kipkoech.

"Nitakupa laki sita, mama," Kipkoech alisema kwa simu. "Pamoja na mawe."

"Pamoja na mawe? Hiyo ni bei ndogo sana."

"Na wewe si uko na haraka?"

Kweli alikuwa na haraka. Siku ya mwisho ya kupeleka fomu chuoni ilikuwa imekaribia. Walikubaliana wakutane Jumamosi kwenye ploti, waandikiane.

*

Jumatatu baada ya kazi, Nasike alibeba vyeti vyake ndani ya bahasha. Alitaka kuvipiga kopi. Aliingia katika duka dogo karibu na soko. Hapo kulikuwa na mashine ya kopi, kompyuta mbili, na mama mmoja mwenye miwani ya kamba shingoni.

Huyo alikuwa Mama Chepkirui. Alikuwa na miaka sitini na kitu. Kazi yake ilikuwa kuwachapia watu karatasi, hasa wanafunzi wa vyuo vikuu. Alikuwa ameifanya miaka ishirini na miwili.

"Shikamoo, Mama. Naomba kopi za hizi. Tatu tatu."

"Marahaba." Mama Chepkirui alichukua karatasi, akavaa miwani, akaanza kuzisoma. Hakuona aibu yoyote kusoma karatasi za watu. "Masters," alisema. "Ya biashara. Wewe unafanya biashara?"

"Hapana, Mama. Niko hospitali. Mambo ya rekodi."

"Sasa biashara ni ya nini?"

Nasike aliangalia bahasha mkononi. Hakuna mtu aliyekuwa amemwuliza swali hilo. Hata yeye hakuwa amejiuliza.

"Nilipitwa kazini," alisema mwishowe. "Aliyepewa cheo ako na masters."

"Ulimwuliza?"

"Nani?"

"Huyo aliyepewa."

"Siongei na yeye."

"Haiya! Na ofisi ya wafanyakazi, ulienda kuuliza hiyo kazi inataka karatasi gani?"

"Hapana, Mama."

"Tangazo la hiyo kazi ulisoma?"

"Niliambiwa tu nafasi imetoka. Nikaandika barua."

Mama Chepkirui alizima mashine ya kopi. "Keti," alisema. "Pesa ya kopi naitaka, rent hainingojei. Lakini kwanza keti, mama. Una watoto?"

"Mmoja. Cynthia."

"Basi keti, Mama Cynthia."

Nasike alikaa. Ulikuwa muda mrefu tangu mtu amwambie aketi.

"Unaona ile rafu?" Mama Chepkirui alinyoosha kidole.

Nyuma yake kulikuwa na rafu ndefu ya mbao. Juu yake kulikuwa na mafungu ya karatasi, kila fungu limefungwa kwa uzi. Mengine yalikuwa yamegeuka rangi ya chai. Yote yalikuwa yamelazwa uso chini.

"Hizo ni nini?"

"Hizo ni thesis. Ni kitabu cha utafiti. Sikiza nikuambie, maana hii karatasi yako ya chuo haijasema. Masters haiishi darasani. Mwaka wa kwanza unaenda darasani. Mko wengi, mnasoma, mnakunywa chai, mnapigana picha. Ni raha! Halafu darasa linaisha. Kila mtu anaambiwa aende atafute jambo, alichunguze, aliandikie kitabu. Peke yake. Hapo ndipo watu wanakwama. Mwalimu wa kukusimamia hashiki simu. Kazini wanakuita. Mtoto anaugua. Na chuo bado kinataka ada, kwa sababu jina lako liko pale. Wanakuja hapa nawachapia sura ya kwanza. Nawachapia sura ya pili. Ya tatu, siwaoni."

"Hizo zote ni za watu ambao hawakurudi?"

"Kumi na saba. Moja iko hapo miaka tisa."

"Na kwa nini hutupi?"

"Nitupe, halafu mwenyewe arudi? Nitamwambia nini?"

Nasike aliangalia mafungu yale. Aliona huzuni. Kila fungu lilikuwa pesa ya mtu, na jioni nyingi za mtu. "Ni za nani?" aliuliza.

"Majina sisemi. Kila mtu na aibu yake. Ndiyo sababu nimelaza uso chini."

"Kwa hivyo masters ni mbaya, Mama?"

"Usinilishe maneno!" Mama Chepkirui alipiga meza kwa kiganja. "Nani amesema ni mbaya? Kuna mwalimu wa chuo cha ufundi, anaitwa Oluoch. Mwajiri wake alimwandikia barua. Ilisema, ukitaka kupanda cheo, leta masters ya fani yako. Barua alikuwa nayo mkononi. Kabla alipe shilingi, alienda akahakikisha chuo kimeidhinishwa na serikali, na ile kozi yenyewe pia. Akatafuta wanafunzi waliotangulia, akawauliza, nyinyi wangapi mmemaliza? Mwalimu wa kuwasimamia anapatikana? Halafu akarudi kwa mwajiri, akaomba asaidiwe ada. Wakamlipia nusu. Nilimtengenezea vitabu sita vya jalada jekundu. Huyo masters ilimfaa. Alijua anaenda wapi."

Aliinua karatasi ya Nasike. "Sasa wewe. Hapa wameandika laki tatu na nusu. Hiyo ni ya kusoma. Ya utafiti iko wapi? Nauli ya kwenda kuuliza watu maswali? Kibali? Kuchapa, mimi sichapi bure. Joho la siku ya mahafali? Na ukiingia mwaka wa tatu kabla umalize, hiyo ada itatoka wapi? Na ukishamaliza yote, kazini watakuongeza nini? Uliza hiyo pesa ni ngapi. Kama hujui, bado hujafika mahali pa kulipa."

Magari ya soko yalipiga honi nje.

"Pesa unatoa wapi?" Mama Chepkirui aliuliza, sauti imeshuka.

"Nauza ploti. Jumamosi hii. Mimi na marehemu mzee wangu tulinunua."

Mama Chepkirui alivua miwani. Aliiangalia tena ile karatasi ya chuo, kwa karibu. "Mama Cynthia, nikuulize kitu. Mtu akienda kusoma, anapigia mstari jina la kozi. Au anapigia mstari ada. Wewe umepigia mstari Jumamosi. Jumamosi huwa unafanya nini?"

Nasike alifungua mdomo ajibu. Machozi yakatoka kabla ya maneno.

"Nyumba imenyamaza, Mama," alisema. "Imenyamaza sana. Nilifikiri kule kutakuwa na watu."

Mama Chepkirui hakumwambia anyamaze. Alimletea karatasi ya tishu, akakaa karibu naye.

"Hiyo ni shida ya kweli," alisema. "Wangu pia alienda. Mwaka wa kwanza nilikuwa nikikosea kila siku, napika ugali ya watu wawili. Lakini ploti ni bei kubwa sana ya kununua watu wa kuongea nao. Na nimekuambia, mwaka wa pili kila mtu anaandika peke yake. Utakuwa peke yako vile vile, na ploti hakuna."

Alirudisha vyeti ndani ya bahasha, akaiweka chini ya meza yake.

"Leo sikupigii kopi. Nenda uulize. Ofisi ya wafanyakazi, halafu huyo mtu usiyeongea naye. Ijumaa uje. Kama bado utasema ndiyo, nitakupigia bure."

*

Jumatano Nasike alienda ofisi ya wafanyakazi. Msimamizi alikuwa mwanamke aitwaye Wanja.

"Karibu, Nasike," Wanja alisema. "Miaka kumi na moja, na leo ndiyo mara ya kwanza umekuja kuniuliza kitu."

"Nilitaka kujua ile kazi ya mkuu wa rekodi ilihitaji nini."

Wanja alifungua kabati, akatoa tangazo. Nasike alilisoma polepole. Lilitaka digrii au diploma. Lilitaka uzoefu wa miaka mitano. Na lilitaka cheti cha kutunza rekodi za hospitali kwa kompyuta. Alilisoma tena kutoka juu hadi chini. Hakuona neno masters mahali popote.

"Hili tangazo lilikuwa wapi?"

"Kwenye ubao wa kantini. Lilikaa wiki tatu. Barua yako ilikuwa nzuri sana, Nasike. Tulingoja ulete cheti. Hukuleta."

Wiki tatu. Nasike alihesabu moyoni. Siku zile zote alikuwa stoo na githeri yake, hatua thelathini kutoka kwenye ule ubao.

"Na nikisoma masters ya biashara, mshahara utaongezeka?"

"Kwa kiti cha mkurugenzi, masters tunaihitaji. Kwa rekodi, tutakupongeza tu. Mshahara ni ule ule. Sitaki kukudanganya."

*

Alhamisi saa ya chakula, Nasike alisimama mbele ya mlango wa Murunga. Alitaka kurudi. Miguu yake ilikataa kwenda mbele, na yeye akakataa kurudi nyuma. Mwishowe akabisha.

Murunga alikuwa anakula peke yake, sahani juu ya faili. Alishtuka.

"Mama Cynthia! Karibu. Kuna faili imepotea?"

"Faili hazipotei. Nimekuja na swali. Ulisomea wapi masters yako?"

Murunga aliweka kijiko chini. "Nani alikuambia niko na masters?"

"Watu."

"Watu!" Murunga alicheka, lakini macho yake hayakucheka. "Nilianza. Nilichukua mkopo wa sacco, kile chama cha akiba, nikaanza. Nikafika sura ya pili. Mkopo nalipa hadi leo. Hata karatasi zangu ziko kwa mama mmoja wa kuchapa, pale karibu na soko. Siku hizi nikienda kununua mboga, nazunguka nyuma asinione."

Nasike alizikumbuka karatasi zilizolazwa uso chini.

"Ana miwani ya kamba?" aliuliza.

"Unamjua?"

"Hajazitupa. Anasema mwenyewe anaweza kurudi."

Murunga aligeukia dirisha. Alipangusa macho, akajifanya ni vumbi.

"Kilichonipa kazi ni kozi ya miezi tisa," alisema. "Rekodi kwa kompyuta. Ni jioni, mara mbili kwa wiki, hapa hapa mjini. Nililipa kidogo kidogo kutoka kwa mshahara. Na wewe unaweza. Hospitali inahamisha faili zote kwa kompyuta. Mwaka ujao watataka msimamizi wa pili, mtu anayezijua faili za zamani. Nilitaka kukuambia. Lakini ulikuwa unaweka faili, unaondoka."

Nasike aliona aibu mpaka masikio yakawa moto. "Nilikukasirikia bure, Bwana Murunga. Miezi mitano. Naomba unisamehe."

"Hata mimi ningekasirika. Lakini na mimi nikuulize. Kwa nini unakula stoo?"

"Na wewe? Kwa nini unakula hapa?"

"Nikiingia kantini wananyamaza. Tangu nipewe cheo."

Kutoka kantini walisikia watu wakicheka, na sahani zikigongana.

*

Ijumaa Nasike alipita dukani. Mama Chepkirui alimwangalia juu ya miwani.

"Enhe?"

"Hapana, Mama. Siiendei sasa."

"Na bahasha?"

"Niwekee. Kwa ile rafu."

"Rafu ni ya walioanza! Wewe hujaanza kitu." Mama Chepkirui aliitia bahasha kwenye droo. "Siku kazi ikidai masters, tena kwa barua, uje uichukue."

Jumamosi asubuhi Kipkoech alifika Yamumbi na mkataba na kalamu mbili. Nasike alimngoja kando ya mawe.

"Nimebadilisha nia," alimwambia. "Siuzi."

"Ah, mama! Nimetoka mbali. Basi laki saba."

"Hapana."

"Saba na nusu. Leo leo. Pesa iko kwa simu."

Saba na nusu ni pesa nyingi kwa mtu anayelipa karo peke yake. Nasike aliangalia mahali Khisa alipowahi kusimama. Alikumbuka "hapa ni jikoni." Moyo ulimuuma vibaya. Lakini alikumbuka pia lile tangazo, lisilokuwa na neno masters hata moja. Aliuze jiko lake anunue nini?

"Siuzi, Bwana Kipkoech. Pole kwa safari."

"Mawe yenyewe yameota nyasi!"

"Nitazing'oa."

Kipkoech aliondoka akinung'unika. Nasike alibaki peke yake. Alikunja mikono ya sweta, akaanza kung'oa nyasi katikati ya mawe. Hakukuwa na mtu wa kuongea naye. Alilia kidogo, akang'oa, akalia tena. Alipoangalia simu, ilikuwa saa tisa alasiri. Jumamosi ile alikuwa amesahau kuangalia saa.

*

Wiki iliyofuata alijiandikisha kwa ile kozi ya jioni. Kabla ya kulipa, aliuliza. Aliuliza kama cheti kinatambulika hospitalini. Wanja akamwambia ndiyo. Aliuliza gharama yote, mpaka ya mtihani na ya cheti chenyewe. Karani wa chuo alichoka naye. Nasike aliendelea kuuliza.

Kozi haikuwa rahisi. Jioni zingine alirudi amechoka, akakuta nyumba imenyamaza vile vile, akaosha kikombe kimoja. Lakini mchana alianza kula kantini. Siku ya kwanza alikaa na Murunga. Watu walinyamaza, kama Murunga alivyosema. Siku ya tatu wakasahau kunyamaza. Mama wa usafi alivuta kiti akakaa nao, akaanza habari zake za watu.

Mwaka uliofuata tangazo lilitoka. Nasike alilisoma mwenyewe kwenye ubao, sahani ikiwa mkononi. Lilitaka msimamizi wa pili wa rekodi, mwenye cheti cha kompyuta. Alikuwa nacho. Alipeleka barua na cheti siku hiyo hiyo, akapewa kazi.

Mshahara ulipoongezeka, alimwita fundi wa kujenga. Walianza na vyumba viwili tu, na jikoni. Jikoni ilijengwa pale pale.

Siku ya kupiga mabati ilikuwa Jumamosi. Cynthia alikuwa likizo. Alishuka kwenye bodaboda na viti vya baba yake vimefungwa kwa kamba, viwili viwili, safari mbili.

"Mum!" alisema. "Yale mawe yameenda wapi?"

"Yako ukutani," Nasike alijibu.

Mama Chepkirui alikuja na mursik, maziwa ya mgando, ndani ya kibuyu. Wanja alikuja na mkate. Murunga alikuja na mke wake, na mama wa usafi alikuja bila kualikwa. Mama Chepkirui alimwambia kila mtu kwamba rafu yake sasa ina mafungu kumi na sita. Hakusema lipi limeondoka. Murunga aliangalia viatu vyake, akatabasamu. Kama atamaliza au hatamaliza, hayo ni yake. Angalau sasa ananunua mboga bila kuzunguka nyuma.

Nasike alimimina chai. Alihesabu watu, akahesabu viti. Khisa hakuwepo, na hakuna nyumba ingemrudisha. Alitamani sana amwone hapo, akigonga ukuta kwa vidole, akitafuta makosa ya fundi.

"Mama Cynthia, na wewe keti!" Mama Chepkirui aliita.

Nasike alitafuta mahali. Fundi alikuwa amebakisha mawe machache nje ya mlango. Viti vinne havikutosha siku hiyo, kwa hivyo mwenye nyumba alikaa juu ya jiwe, akaongea mpaka chai yake ikapoa.